Jicho Kwenye Tundu la Pikapu

Jamani, mimi nimeshaombwa msamaha na jicho.

Si mtu. Jicho. Jekundu, limejaa maji, linanichungulia kutoka juu, mimi nimelala chali chini ya pikapu na nati mbili kiganjani.

Ngoja niwape mkanda mzima.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mwenye jicho ni shemeji yangu, mume wa dada. Miaka miwili tulikuwa hatusemeshani. Sababu? Geti.

Geti la mama nililitengeneza kwa mikono yangu. Wiki ya tatu likaanguka. Shemeji, mbele ya ukoo mzima, akasema, "Kazi ya fundi wenu hiyo."

Nikanuna. Hata kwa mama nikaacha kwenda Jumapili, nisije nikakutana na sura yake.

Sasa Jumanne moja asubuhi, huyo, anaingia karakana na pikapu.

Hakunisalimia. Akaongea na mashine yangu ya kuchomelea: "Kuna mtu kanunua trela la ng'ombe. Lile la shingo ndefu, linaloshika katikati ya bodi, si kwenye bampa."

Na mimi nikaijibu mashine: "Huyo mtu aende kwa mafundi wanaojua kazi."

"Kaenda. Wanataka kutoboa kwanza, kupima baadaye."

Hapo alinipata. Nikachukua futi.

Kazi yenyewe iko hivi. Chini ya bodi unafunga chuma kinene kwenye chesisi, usawa wa ekseli. Sakafu unaitoboa tundu la upana wa kiganja, hapo inachomoza gololi ya chuma ambayo trela linaikalia. Ukikosea, ng'ombe wanasafiri bila dereva.

Tukapima, tukatoboa, kwa ishara tu, kama wezi.

Balaa likaja kwenye kukipandisha kile chuma. Wa chini anasukuma bila kuona, wa juu anaona bila kusukuma. Lazima mtu afungue mdomo.

Nikasubiri. Akasubiri. Chuma kimenilalia kifuani.

"Kushoto," akasema hatimaye.

"Kwangu au kwako?"

"Kwako. Kidogo. We, nimesema kidogo!"

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

Bolti ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Kisha lile jicho likatokea kwenye tundu.

"Shemeji."

"Nini?"

"Lile geti nililigonga mimi. Nilikuwa narudi nyuma na pikapu hii hii. Nikaogopa mama mkwe ataniona wa hovyo. Nisamehe."

Nati zikaniponyoka.

Nimeshinda! Nilikuwa na uwezo wa kumpigisha magoti mbele ya ukoo uleule.

Tatizo, bawaba ya chini naijua mimi. Siku ile nilikuwa nawahi harusi. Nikapiga vidoti viwili vya moto, nikapaka rangi juu, huyo nikaondoka. Geti lililochomelewa sawasawa haliangushwi na gari linalorudi nyuma taratibu. Nilinuna kwa nguvu zote ili mtu asije akachunguza.

Nikamwambia yote, kupitia tundu lilelile.

Pikapu ikaanza kutikisika. Nikajua anashuka kunipiga.

Kumbe anacheka! Kalala kwenye bodi, anapiga miguu.

Ghafla akanyamaza. "Shemeji, hizi bolti umekaza, au umepiga vidoti?"

Nikazikaza upya zote, yeye kanisimamia kichwani.

Mchana tukampigia mama, spika wazi, tukakiri kwa zamu. Tulitegemea machozi na baraka.

Mama akasema, "Niliwaona wote wawili. Mmoja akigonga, mwingine akipaka rangi juu ya uvivu wake. Nilikuwa nangoja nani atakuja kulitengeneza. Miaka miwili nanyanyua geti kwa bega kila nikitoka."

Akakata simu.

Hatukutazamana. Tukapakia mashine ya kuchomelea, tukaenda saa ileile.

Ndugu zangu, ukijiona umenuna kupita kiasi, jikague, huenda kuna kitu umekifukia chini ya hasira. Na kabla hamjagombana kujua nani mkosaji, ulizeni kwanza nani anaumia bega.