Harusi Niliyoiweka Rehani kwa Raga

Niseme mapema, kabla wengine hawajanisemea: niliiweka harusi ya binti yangu wa pekee rehani kwa mechi ya raga. Si mbuzi, si koti langu la baridi, si televisheni. Harusi. Tena sikuwa nimekunywa chochote ila chai ya maziwa, kwa hiyo hata pombe siwezi kuisingizia.

Ilianza kwa adabu, kama mambo mengi ya kijinga. Binti yangu alipata mchumba, kijana mpole wa Croydon, huku kwa Waingereza tunakoishi, ambaye wazazi wake wametoka Mbale, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Sisi tumetoka Bungoma, upande wa Kenya wa mlima huo huo. Ukiwasikiliza wazee wa pande zote mbili wakizungumza lugha zao za nyumbani, utadhani ni mtu na binamu yake, ila mmoja ana mafua.

Vijana walituachia wazazi kuamua harusi ifanyike wapi. Binti yangu aliweka sharti moja tu, nusu Kiswahili nusu Kiingereza kama kawaida yake: "Popote, Dad, bora nyanya awepo. Asipokuwepo nyanya, hakuna harusi." Nyanya huyo ni mama yangu mzazi. Ndiye aliyemlea huyu msichana tangu mama yake alipofariki hadi nilipomleta huku. Siku hizi magoti ya mama yamechoka, na safari zake, kwa nilivyojua mimi, ni nyumbani na kanisani. Hesabu yangu ikawa rahisi: harusi ni Bungoma, uani kwa mama, atoke kitandani akae kwenye kiti cha mbele.

Baba wa kijana hakukataa. Waganda hawakatai. Mganda akitaka kukukatalia jambo, kwanza anakushukuru kwa kulitaja, kisha anakuuliza hali ya watu wa nyumbani mmoja mmoja, na ukishaishiwa na ndugu ndipo unagundua kwamba umekataliwa. Kwao, akasema, mwanamume huoa katika kanisa alilobatiziwa babu yake. Tulisukumana hivyo kwa simu muda mrefu, kwa upole mwingi, mpaka nikaanza kutamani mtu anitukane.

Siku moja akaja kwangu Wembley tulimalize ana kwa ana. Nilikuwa nimetoka kazini. Mimi ni askari wa viti pale uwanjani. Navaa koti la kung'aa, nasimama nyuso za watu zikiwa mbele yangu na mchezo ukiwa nyuma ya mgongo wangu, maana kugeuka kutazama ni kosa. Nimehudhuria mechi kubwa nyingi kuliko wachambuzi wa redio, na sijaona bao hata moja. Najua tu nyuso za watu wakati wa bao. Siku hiyo miguu ilikuwa inaniwaka, nikamkatiza mgeni wangu katikati ya salamu.

"Mzazi mwenzangu," nikasema, "si kombe la raga liko njiani? Tuwaachie wenye mapafu. Kenya ikilichukua, harusi Bungoma. Mkilichukua nyinyi, Mbale."

Nilitarajia acheke. Akaweka kikombe chini, akafuta kiganja kwa leso, akaninyooshea mkono.

"Nimekubali," akasema. "Asante sana kwa wazo hilo."

Sasa kwa asiyejua: Kenya na Uganda hushindania kombe lililopewa jina la mlima wetu. Mechi ni mbili, moja kwetu na moja kwao, kisha pointi zinajumlishwa. Kuna miaka halikuchezwa kabisa, na hakuna aliyelala njaa. Mchezo wenyewe uliletwa na Waingereza. Wa Nairobi walipimana nguvu na wa Kampala, sisi tukiokota mpira ukitoka nje. Walipoondoka walituachia mpira na mpaka, tukaendelea kuvitumia vyote viwili kwa bidii kuliko wao. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa inashinda, tukalihesabu kombe kama shamba la urithi. Kisha Waganda wakaanza kulichukua, mara moja, mara nyingine, na kila wakilichukua tulimlaumu refa. Mzazi mwenzangu naye, ambaye alisukuma skramu, ule msukumano wa mabega, shuleni kwao na bado ana shingo ya kazi hiyo, ana historia yake. Historia yake huanza siku Uganda iliposhinda. Yangu huishia siku moja kabla ya hapo. Tukizozana, tunazozana kama watu wanaosoma vitabu viwili.

"Nyinyi mnashinda kwa kelele," huniambia. "Mkenya akiingia dukani anasema 'nipe'. Hata mpira anauambia 'nipe'."

"Na nyinyi mnauamkia kwanza," humjibu. "Mkimaliza kuuliza hali, mwenzenu ameshafunga trai."

Mimi mwenyewe shuleni nilikuwa mchezaji wa akiba. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimevaa jezi safi kuliko kijana yeyote katika mkoa wetu.

Mechi ya kwanza ilichezwa nyumbani, tukashinda, na tukashinda vizuri. Mtu mwenye akili angenyamaza asubiri ya pili. Mimi nilimtumia mzazi mwenzangu ujumbe wa rambirambi. Nikamwambia pia binti yangu aanze kuzoea vumbi la Bungoma. Aliposikia tumeiweka harusi yake rehani akiwa bado na sare ya uuguzi, alisema kwa Kiingereza neno ambalo mtoto hatakiwi kumwambia baba yake. Baadaye akarudi kwenye Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"Na nyanya? Mkishindwa, umefikiria nyanya?"

"Hatushindwi."

"Dad. Umefikiria?"

Nilikuwa sijafikiria. Nilijifanya natafuta rimoti.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Niliuona mpaka kama nilivyouacha zamani, maana ni miaka mingi sijarudi nyumbani, na foleni, na askari anayeuliza karatasi ambayo huna, na mama amesimama juani akiwa ameshikilia mkongojo. Niliona pia kiti cha mbele kikiwa kitupu katika kanisa la watu. Mara mbili nilishika simu nimweleze mama, nikaishia kumuuliza bei ya mahindi.

Mechi ya pili ilikuwa Kampala, Jumamosi, na mzazi mwenzangu akaja tuitazame pamoja. Alipanda tramu na treni kutoka Croydon akiwa amepakata sufuria ya matoke iliyoviringishwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Alisimama mlangoni akaniamkia, akauliza hali yangu, hali ya kazi, hali ya mama. Nikamwambia aingie, joto linatoka na gesi ni ghali.

Tulitazama kwa simu yake iliyounganishwa na televisheni, picha ikikwama kila jambo zuri lilipokaribia. Waganda walikuja juu tangu mwanzo. Picha ingekwama tukiwa na mpira, ikirudi wao wako nyuma ya mstari wetu wanakumbatiana. Nilimpigia kelele refa. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, na huo ndio mwendo mrefu nilioutembea mwezi mzima. Mzazi mwenzangu alikuwa akisukuma sofa yangu kwa bega kila palipopigwa skramu, ikasogea hadi ikagusa dirisha.

Karibu na mwisho mlango uligongwa. Ni jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta, bibi wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, akaolewa Jinja, akafukuzwa huko pamoja na mume na masanduku Uganda ilipowatimua Wahindi, akazeekea Wembley. Kiswahili chake ni cha kaunta ya duka la Kisumu, hakina mapambo.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, mama. Ni raga."

"Kwa nini unalia hivyo kwa raga?"

Akaingia bila kungoja jibu, akakaa kwenye kiti changu, akaomba aelezwe. Mzazi mwenzangu akamweleza yote, tangu Mbale na Bungoma hadi sharti la binti na mkono wangu nilioutoa. Bibi alisikiliza huku akitazama televisheni. Nilimuuliza yeye yuko upande gani, maana ameishi kotekote.

"Mimi niko na yule anashinda," akasema. "Nimechoka kuhama."

Filimbi ikalia. Walikuwa wametushinda kwa pointi nyingi kuliko tulizowashinda sisi, kombe lao. Nilingoja mzazi mwenzangu aruke. Hakuruka. Alirudisha sofa mahali pake, taratibu, akaketi karibu nami.

"Pole sana, mzazi mwenzangu," akasema. "Vijana wenu wamejitahidi. Poleni."

Kuchekwa ningekuvumilia. Nilikuwa hata na majibu tayari. Ile pole ndiyo iliyonimaliza. Kisha akaongeza kwamba ule ulikuwa utani wa watu wazima, tuufute, tuende Bungoma kwa mama. Na hapo, badala ya kumshukuru, nikasema hapana, neno ni neno, Mbale ni Mbale. Mkenya ataweza kushindwa, lakini si kushindwa na kuhurumiwa siku moja.

"Basi mpigie mama sasa," akasema. "Na mimi nimwombe radhi."

Nilipiga. Niliweka sauti ya nje ili aibu tuigawane. Nilizunguka sana: nikaanza na mvua, nikapita kwa ng'ombe, nikafika kwenye mapenzi ya Mungu. Mama akaniuliza nani mgonjwa. Nikamwambia hakuna mgonjwa, ni harusi, na kwamba kwa sababu ambazo ni ndefu itafanyika Mbale, na kwamba najua magoti, najua mpaka, nisamehe, mama.

Nikamsikia akifukuza kuku.

"Mbale hii?" akauliza.

"Mbale ya Uganda, mama."

"Ndiyo nakuuliza, hii? Wewe, mimi Mbale huenda. Dada yangu mdogo si ameolewa huko? Mwezi uliopita nilikuwa kwa mazishi ya shemeji yake. Unapanda gari hapa barabarani, unavuka, saa ya chai uko kwa watu. Ni karibu kuliko Nairobi. Hata daktari wa magoti yangu yuko kule."

Mzazi mwenzangu alifunika uso kwa leso. Mabega yalikuwa yanatikisika, na safari hii haikuwa pole, kilikuwa kicheko.

"Mama, shikamoo," akasema alipopata pumzi. "Mimi ni baba wa kijana. Karibu sana nyumbani."

"Marahaba, baba. Nimesikia. Mtapika nini?"

Wakaongea wale wawili kwa lugha zao zile mbili zisizohitaji mkalimani, mambo ya ukoo gani na mto gani, mimi nikiwashikia simu kama kigingi. Mama alimpa mzazi mwenzangu majina ya watu wa kwao Mbale ambao hata mwenyewe hakujua kwamba wako hai. Nilijisikia mwepesi, halafu nikajisikia mchovu kuliko nilivyokuwa wakati wa kushindwa. Wiki zote zile sikulala kwa ajili ya mpaka ambao mama huvuka kama anayeenda kwa jirani kuomba chumvi.

Kabla hajakata akanirudia. "Basi nitawaona huko. Utakuja na suti, au utakuja na lile koti lako la kung'aa?"

Nikasema aah, mama, tutaona. Nikamwambia kazini ruhusa ni ngumu msimu huo. Tiketi pia zimepanda. Goti langu la kushoto halipendi kukaa kwenye ndege, na kuna habari ya boila, ile mashine ya kupasha nyumba joto, ambayo ukiiacha peke yake wakati wa baridi hupasuka. Pengine ningetazama kwa simu, siku hizi picha ni safi sana. Nilizungumza muda mrefu. Binti yangu, ambaye sikujua ameingia saa ngapi, alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa kazi begani, ananitazama.

Jirani yangu alisukuma kando sahani ya matoke, akajifuta midomo.

"Mama ya miaka hiyo inavuka na goti mbovu, wewe unaogopa kuacha boila. Funga mdomo, nunua tiketi."