Muulize Sauti Inamwambia Nini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa nesi mpya kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, hapa Musoma. Viatu vinabana, na mdomo, wee! Nilijionaga nimemaliza kusoma.

Tulikuwa na mgonjwa aitwaye Magesa, mvuvi wa kisiwa cha Rukuba. Kaka yake, Masatu, alikuwa amezama ziwani, na tangu hapo Magesa akawa anamsikia akimwita mchana kutwa. Alipotulia kidogo, mama yake akaja kumwombea ruhusa. Mke wa Magesa alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na yule mama alishakata shauri: marehemu anaita kwa sababu anataka jina lake. Magesa avuke kisiwani siku ile ile, mtoto aitwe Masatu, sauti itakoma.

Nani angebisha? Kwetu huku mtoto akilia sana tunamtafutiaga jina la mzee aliyetangulia mpaka anyamaze. Wodi nzima tuliitikia.

Sista Wegesa, mkuu wa wodi, hakumbishia mama. Alisema jina ni la ukoo, wampe. Kisha akavuta stuli, akaketi karibu na Magesa, si karibu sana.

"Magesa baba, hiyo sauti mimi siisikii. Lakini naona wewe unaisikia, na inakutesa. Inakwambia ufanye nini?"

Magesa akatazama mlango. "Inasema nimfuate majini. Nikipanda mtumbwi tu, naenda."

Mama yake aliketi sakafuni pale pale. Sote tulimpenda kijana yule, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza. Niliogopa, mwanangu.

Ruhusa ikafutwa. Daktari akabadilisha dawa, nasi tukapokezana kukaa naye. Hata msalani hakwenda peke yake. Mtoto akapewa jina, na sauti haikukoma. Ilipungua polepole, kwa dawa na kwa kuulizwa kila siku.

Baadaye, tukikunja mashuka, Sista akaniambia: "Usimwambie mgonjwa ati anasema uongo. Wala usimwambie na wewe unasikia, maana siku hiyo sauti itakuwa imepata shahidi."

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Uji sawa, mpe tu. Lakini sauti, muulize: inasema nini, inamwamuru nini, na yeye anataka kufanya nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akikwambia jambo zito, usimwache peke yake, na wewe usilibebe peke yako. Mwite mkubwa wako.

Juzi kijana mmoja alibisha hodi kwangu, ameshika samaki wawili, sato wa ziwani. "Shikamoo bibi. Naitwa Masatu. Baba yuko nje, anaegesha baiskeli."

Haya, nenda zamu yako, mwanangu. Mungu akupe sikio lisilo na haraka, na kila unayempokea mlangoni arudi kwao kwa miguu yake.