Mama Amefungia Kashata Majibu Yangu ya Mafumbo

Jamani, nisikilizeni.

Mnajua yale mafumbo ya kuprogramu ya Desemba, kila siku fumbo moja? Mimi huyatatua kwa kalamu kwanza. Asubuhi hii nimeyapanga makaratasi yote, siku ya kwanza juu, hadi ya kumi na mbili chini. Kingo sawasawa kabisa. Nikayaacha mezani, nikaenda kuoga.

Narudi, meza tupu.

"Mama, makaratasi yangu?"

"Yale? Nimefungia kashata za kuuza. Nyingi zimeshatoka."

ZIMESHATOKA! Bagamoyo nzima inatafuna kashata juu ya majibu yangu! (Aliyepata siku ya nne asiitupe, nipo chini ya miguu yake.)

Nikalalamika. Mama hata hakugeuka: "Kama hukutaka yaguswe, mbona umeyapanga vizuri vile? Nikajua umeniandalia."

Nimeshika kichwa, nasikia hodi. Ni jirani yetu, mzee anayeuza nguzo na seng'enge. Mkononi ana karatasi yangu ya siku ya tisa, inanata sukari. Lile fumbo la kuhesabu nguzo za uzio, lililonigomea siku tatu!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nguzo za kona umezihesabu mara mbili."

Nikakimbilia kompyuta. Nikarekebisha.

Jibu likakubali.

Natoka kumshukuru mzee, namkuta jikoni kwa mama, anafungua kashata zilizobaki moja baada ya nyingine.

"Siku ya kumi umeiweka kwenye ipi?"