Mkono Ulioshika Kamba

Ungekubali kuvaa mkufu wa chuma wenye meno yanayotazama shingo yako, halafu kamba yake aishike mtu mwingine? Usijibu haraka. Mjomba wangu hujibu haraka, na huo ndio ugomvi wetu.

Mjomba anafundisha mbwa. Mtaa mzima unamwita Kamanda, ingawa hajawahi kumwamuru mtu yeyote. Alikuwa mlinzi katika ghala la saruji, na cheo hicho alipewa kwa utani kwa sababu ya buti zake, anazozing'arisha hata siku ambayo haendi popote. Kule ghalani ndiko mbwa wa kampuni alikomtafuna paja. Mwingine angeacha kazi. Yeye alimng'ang'ania mbwa yuleyule, akamlisha, akamkemea, akamchapa, mpaka mbwa akawa anatembea ubavuni mwake kama kivuli. Baadaye tajiri mmoja aliyekuwa akihama alimwachia sanduku la vifaa, na ndani yake mlikuwa na kola za meno. Mjomba akaacha lindo, akaanza kupokea mbwa wa watu katika uwanja ulio nyuma ya nyumba yetu.

Kola yenyewe ni vipande vya chuma vilivyoungana, kila kimoja na meno mawili butu yanayoelekea ndani. Mbwa akitulia, meno yanagusa manyoya tu. Akivuta, au ukimvuta, duara linajikaza na shingo inabanwa pande zote. Mjomba huzitundika kola hizo kwenye misumari karibu na mlango wa jikoni. Zikitikisika hulia kama shada la funguo, na mbwa wanaoletwa kwetu huijua sauti hiyo kabla hawajaijua ya Mjomba.

Mimi nilisomea mifugo chuoni. Niliporudi nilimweleza, kwa adabu kabisa, kwamba mbwa hujifunza kwa kutuzwa, na kwamba ukimwumiza hatajua kosa lake, atachukia tu kile kilichokuwa mbele yake alipoumia. Alinijibu kwamba chuoni tulifundishwa mbwa wa kwenye picha. Nikarudia, na adabu ikapungua. Jirani yetu anayeziba pancha, ambaye akikosa wateja hukaa juu ya ukuta wetu kama aliyekata tiketi, aliuliza kama ni kweli nataka mbwa alishwe kipande cha ini kila anapokaa chini. Nikasema ndiyo.

"Basi nifundishe mimi," akasema. "Nitakaa, nitalala, na kubweka nitabweka."

Hata Mama alicheka. Lakini tulipokuwa wawili jikoni hakucheka. Alisema kola ninazozitukana ndizo zilizonisomesha, na kwamba sitakiwi kutukana wakunga na uzazi ungalipo. Alichosema ni kweli. Ila sioni kwa nini ada yangu ya chuo ilipwe kwa shingo ya kiumbe asiyejua kusoma, halafu nami niitwe mwenye shukrani kwa kufumba macho.

Ndipo akaja Mama Sindano na Zipu.

Mama Sindano ni mshonaji, mjane, anaishi peke yake kwenye chumba kinachotazama barabara. Wezi waliwahi kutoboa bati wakaondoka na cherehani yake, na baada ya hapo akachukua mtoto wa mbwa. Alimwita Zipu kwa sababu kitu cha kwanza alichokula kwake ni zipu ya suruali ya mteja. Zipu akakua, akalizidi jina lake. Si mkali, ana furaha tu, na furaha yake ina nguvu za punda. Siku moja aliona paka ng'ambo ya mtaro, akamwendea, na Mama Sindano akaenda na kamba. Alianguka kwenye ukingo wa zege, kifundo cha mkono kikavunjika. Mwanawe anayeishi mbali akapiga simu na kutoa amri: mbwa huyo ashike adabu, la sivyo akabidhiwe watu wa manispaa. Na watu wa manispaa, kila mtu anajua, hawafugi.

Kwa hiyo yule mama alisimama uwanjani kwetu akiwa na plasta hadi karibu na kiwiko, akamwuliza Mjomba kama kola inaumiza.

Mjomba ana jibu lake kwa swali hilo. Alitungua kola msumarini, akajivika shingoni, akaishika kamba kwa mkono wake wa kulia na kujivuta, mara moja, mara mbili, huku akitabasamu kama anayepigwa picha. "Ningekuwa naumia ningecheka?" akauliza. Nimemwona akifanya hivyo mbele ya kila mteja, na kila mteja huridhika.

"Mjomba," nikasema, "nipe kamba mimi."

Alinitazama kama mtu anayeongea ndotoni.

"Unajivuta mwenyewe," nikasema. "Unajua lini na kwa nguvu gani. Mbwa hajui. Nipe nishike."

Mziba pancha alishuka ukutani. Mama alinikemea kutoka mlangoni, akaniambia niombe radhi. Mjomba alikuwa ameanza kufungua kola aliposikia Mama Sindano akisema, pole pole, kama anayeomba chumvi: "Mpe, Kamanda. Si umesema haiumi?"

Akanipa.

Sikuvuta. Nataka lieleweke hilo, kwa sababu mtaani wanasimulia vingine. Nilisimama tu nimeshika kamba. Mjomba aliniambia nivute. Akaniambia tena, "Vuta, msomi," na tabasamu lake lilikuwa limebaki mdomoni tu, macho yalishahama. Yalikuwa kwenye mkono wangu. Mabega yalikuwa yamempanda masikioni, yeye ambaye huwafokea mbwa wasijikunyate. Kiganja kilinitoka jasho, nikahamisha kamba kwenda mkono wa pili, na Mjomba wangu, mtu wa buti zinazong'aa, akaruka nyuma na mikono yote miwili shingoni.

Mziba pancha alicheka kidogo, akanyamaza.

Mjomba aliifungua kola. "Nimekulea," akasema. "Nimekubeba mgongoni na surua yako. Leo umenifunga kama mbwa mbele za watu."

"Umejifunga mwenyewe, Mjomba. Mimi nimeshika kamba tu."

Nilidhani yamekwisha. Nilimgeukia Mama Sindano nikitarajia, nisifiche, kupongezwa. Yeye aliniuliza njia yangu ya maini itachukua muda gani. Nikasema wiki kadhaa, labda zaidi, inategemea na mbwa.

"Una maneno mazuri, mwanangu," akasema. "Na akinivunja mkono wa pili katika hizo wiki zote, nishonee miguu?"

Akamwambia Mjomba amvishe.

Zipu aliona kuku, akachomoka kama kawaida yake. Mjomba akainua mkono na kuvuta kamba, kola ikambana. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba, ya mtoto mchanga, kisha akarudi ubavuni mwa Mjomba na kutembea goti kwa goti. Akakosea tena, akavutwa tena. Kuku hakutazamwa mara ya tatu. Jioni Mama Sindano aliondoka na mbwa mpole kama begi, kola ikiwa shingoni. Mjomba alinipita bila kunitazama, akamwambia Mama, kwa sauti ya kunifikia, kwamba mbwa yule yu hai kwa sababu ya kola, na kwamba hasira za chuo hazijawahi kumwokoa hata panya.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa langoni namwaga maji ya kudekia nilipomwona Mama Sindano akija na mbwa wake. Zipu alitembea karibu na goti lake, tumbo chini, kamba imelegea. Ng'ambo ya barabara mziba pancha alikuwa akipanga matairi. Akainua mkono kumsalimia Mama Sindano, kama anavyofanya kila siku.

Zipu akalala chini. Hakuambiwa. Alijibandika barabarani, masikio nyuma, mkojo ukamtoka na kutambaa kwenye vumbi. Mama Sindano alimtazama, akautazama mkono wa jirani ambao bado ulikuwa hewani, kisha akainua mkono wake mwenyewe wenye plasta kujipangusa uso. Mbwa akazidi kudidimia.

Mama Sindano akamwita kwa sauti ya kubembeleza hadi akanyanyuka, wakaingia kwetu. Mjomba alikuwa kwenye ngazi anapiga buti rangi.

"Mvue kola, Kamanda."

Mjomba alimwambia hiyo ni siku ya kwanza tu, atazoea.

"Wezi wakija watakuja wameinua mikono," akasema Mama Sindano. "Watatukuta tumelala chini wote wawili, mimi na mlinzi wangu? Mvue."

"Atakuvunja na mkono wa pili."

"Auvunje."

Kola ile haifunguki kwa mkono mmoja, kwa hiyo ilibidi Mjomba ainame. Zipu aliiona mikono ikija, akafumba macho. Mjomba aliganda, mikono ikiwa karibu na shingo ile, na kwa muda mfupi sikuweza kusoma uso wake. Kisha akabana vipande, akafungua, akaenda kuitundika msumarini. Ikalia, na mbwa wote waliokuwa kwenye vibanda wakanyamaza.

Mama Sindano alifunga kamba kwenye mkanda wa ngozi wa zamani. Zipu alibaki chini, kama asiyeamini. Halafu kuku akapita.

Walitoka langoni hivyo: mbwa mbele, mama nyuma amejiegemeza kama anayevuta mtumbwi, ndala zikiburuza, akimtukania ukoo wake wote.

"Unaona?" akasema Mjomba.

Niliona. Niliangusha ndoo, nikakimbia, nikaishika kamba nyuma ya mkono mzima wa Mama Sindano.