Mtaro Ulioanzia Juu

Nyumba yetu ni ya mwisho kabla ya mto, chini kabisa ya mteremko, huku Tandale. Baba aliijenga kidogo kidogo, kila alipopata matofali. Alitangulia yeye kufariki, kisha mama. Mimi ndiye mkubwa. Mama alipozikwa niliacha shule, nikachukua meza yake ya nazi sokoni, nikabaki na wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike. Ndugu za baba walikuwa wameshapanga kutugawana, mmoja huku, mwingine kule. Nilikataa, na jibu langu lilikuwa moja tu: nyumba tunayo. Kwa hiyo kila masika, maji yalipopanda ukutani, nilijua kinachoweza kuondoka na ule ukuta.

Maji yenyewe mara nyingi hayakutoka mtoni. Yalitoka juu, kwenye lami, yakashuka vichochoroni na matope na takataka za sokoni, na kila nyumba ikapata sehemu yake.

Mwaka ule mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Alieleza kwamba halmashauri ilikuwa na fungu la kukarabati miundombinu, na kwamba serikali ingeongeza kiasi kilekile ambacho wananchi wenyewe wangetoa. Mchanga, mawe, ardhi, siku za kuchimba, vyote vingethaminishwa na kuhesabiwa kama mchango wetu. Mtaa usiotoa kitu usingepata kitu. Na kila mtaa ungepeleka mradi mmoja tu.

Wengine walitaka taa za barabarani.

“Taa za nini?” aliuliza jirani yetu, mama muuza supu. “Tuogelee huku tunaonana?”

Watu walicheka, lakini mabishano yaliendelea mpaka jua likawa kali. Mwishowe mtaro ulishinda, nadhani kwa sababu masika yaliyopita maji yalikuwa yameingia mpaka ofisi ya mtaa.

Ikabaki kuamua pa kuanzia. Kila mtu alijua kwamba halmashauri hutazama kwanza kazi ambazo wananchi wameshazianza.

“Tunaanzia juu, pale kwenye lami,” alisema mwenyekiti. “Injinia wa halmashauri akija na gari lake aone kazi palepale. Huku chini gari halifiki.”

Nilinyoosha mkono. “Shikamoo, mwenyekiti. Maji mtakayokusanya huko juu mtayamwaga wapi?”

“Marahaba. Tutafika kwako, mwanangu, usiwe na haraka.”

“Kwa yatima si hapo tu?” alidakia mzee mmoja mwenye vyumba vya kupangisha, jirani yetu wa upande wa juu. Nyumba yetu inaitwa hivyo, kwa yatima. Hata bodaboda wanaelekezana hivyo, na sikumbuki kama kuna aliyekusudia ubaya.

Tulichimba kila Jumamosi. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulipanda juu na majembe yetu kama wengine.

“Sista, tunajichimbia maji,” aliniambia.

“Chimba. Tusipochimba watasema watu wa chini hatukutoa kitu.”

Mwanzoni watu walikuwa wengi, na akina mama walileta uji. Kadiri mtaro ulivyoshuka na kuziacha nyumba za juu, wachimbaji walipungua. Ulipofika hatua chache kutoka ukutani kwetu, kazi ikasimama. Hakuna aliyetangaza kuisimamisha. Watu waliacha tu kuja.

Halafu ikanyesha, mvua ya kawaida. Maji yaliyokuwa yakigawanyika kwenye nyumba zote sasa yalifuata mtaro na kuja kwetu yote kwa pamoja. Yalituingia ndani mpaka magotini. Tulipandisha godoro juu ya meza, kama tulivyozoea, na ufa wa ukuta wa nyuma ukapanuka kiasi cha kupitisha kidole. Baba mdogo, mmoja wa wale waliotaka kutugawana, alikuja kuutazama. Alipitisha kidole kwenye ufa, akaondoka.

Injinia alipokuja, alikuwa dada kijana mwenye buti za mvua. Aliacha gari kwenye lami kama mwenyekiti alivyotabiri, akausifu mtaro, kisha akafanya jambo ambalo hatukulitarajia. Aliufuata kwa miguu mpaka ulipoishia.

“Maji yanaenda wapi?”

“Yanaenda chini,” alijibu mwenyekiti.

“Chini wapi?”

“Chini kwa yatima!” alipayuka kijana mmoja nyuma. Watu walicheka. Injinia hakucheka.

Alisema mitaa inayoomba ni mingi na fedha ni kidogo, na mtaro usio na mdomo yeye haupeleki mbele. Kama haufiki mtoni, mradi wetu ungewekwa nyuma ya yote. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilizunguka na kukata vyumba vya mzee wa kupangisha. Ya pili ilinyooka na kupita katika chumba chetu cha nyuma, kilichokuwa cha mama, ambamo tulikuwa tukilala. Fidia haikuwepo. Ardhi ingehesabiwa kuwa mchango wa mtaa.

“Mie nina wapangaji,” alisema mzee. “Hawa ni watoto watatu tu.”

“Watoto gani?” mama muuza supu alimjia juu. “Wali wa nazi unaokula kila siku, nazi anakuuzia nani?”

Mwenyekiti alinigeukia. “Mwanangu, mtaa mzima unakusubiri wewe.”

Niliomba siku moja.

Nyumbani mdogo wangu wa kiume alikataa kabisa. “Leo chumba, kesho sebule, keshokutwa tuko kwa baba mdogo.”

“Ukuta wenyewe umeuona,” nilimwambia. “Tukikaa hivi, hata hiyo keshokutwa hatufiki.”

Wa kike aliuliza, “Tutalala wapi?”

“Sebuleni, sote watatu.”

“Na sebuleni maji hayataingia?”

“Hayataingia.”

“Basi.”

Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti. “Chumba ninakitoa. Ila zege lianzie mtoni, lipande. Na sikibomoi mpaka mawe yawe yameshuka.”

“Hela zitaisha kabla ya kufika huku juu.”

“Zikiisha, ziishie kwenu.”

Alimpigia injinia simu mbele yangu, nadhani akitegemea ataniona mkorofi. Injinia alimjibu kwamba mtaro hujengwa kuanzia mdomoni siku zote. Mwenyekiti aliweka simu mezani. “Nyie wa chini mmekuwa wajanja,” alisema.

Mradi ukapita. Mawe yalishushwa kichwani, kwa kuwa gari halifiki. Watu walinung'unika, wengine kwa sauti ili nisikie, lakini waliyaleta. Chumba tulikibomoa wenyewe. Mabati tuliyahifadhi, na kwa matofali yake tukajenga ukuta mpya nyuma ya sebule. Mdogo wangu wa kiume aling'oa msumari ambao mama alikuwa akitundikia kanga zake, akautia mfukoni.

Zege lilipanda kutoka mtoni, likapita palipokuwa chumba, likaishia karibu na mlango wa mzee wa kupangisha. Hapo fedha zikaisha, za kwetu na za serikali. Kutoka pale mpaka kwenye lami mtaro bado ni wa udongo, na mwenyekiti anasema watu wa juu wakichanga tena, halmashauri itaongeza tena. Mzee akipita kwetu hunitania.

“Kwa yatima siku hizi ni uzunguni.”

“Karibu, mzee. Shikamoo.”

Masika yalifika. Ilikuwa Jumapili mchana, mvua ikipiga bati kiasi cha kutosikilizana, na maji yakipita kwa kishindo nyuma ya ukuta mpya, pale tulipokuwa tukilala. Wadogo zangu waliinuka bila kuambiwa, wakashika godoro, huyu upande huu na yule upande ule, walipandishe juu ya meza. Nilipapasa sakafu kwa kiganja, kona hadi kona. Ilikuwa kavu.

“Liacheni hapohapo,” nikawaambia.