Tonge la Asubuhi

Sista wa wodi ya saratani hakumgusa mgonjwa kwa mikono ya baridi. Alivipasha moto kwanza viganja vyake kwenye kikombe cha chai. Saratani ya mama ilikuwa imeenea hadi kwenye ini, na vidonge vyake vilimezwa baada ya kula. Lakini ilikuwa Kwaresima, na mama hakutaka kuonja kitu kabla ya alasiri.

"Padri wako amekuruhusu ule, mama," sista alimwambia.

"Padri anaumwa yeye? Niache na Mungu wangu, mwanangu."

"Sawa, mtaelewana wenyewe. Mimi nakulisha."

Alikata kipande cha injera, mkate wetu mwembamba kama chapati, akakikunjia mchuzi wa dengu, akainua tonge mpaka mdomoni mwa mama. Kwetu Gondar, mkono ulioinuliwa hivyo haukataliwi. Mama alimkazia macho, kisha akafungua kinywa. Likafuata la pili, halafu vidonge.

"Na wewe kula basi."

"Mimi ni mzima," sista alicheka, akifuta vidole. "Nimefunga."

Pasaka ile mama aliila nasi, na iliyofuata pia, ndipo Mungu akamwita. Hadi mwisho, kila alipoletewa vidonge, aliuliza kwanza: "Na tonge langu liko wapi?"