Mkebe wa Tajeu Katika Droo ya Bucha

Mara ya kwanza Muthoni kununua kondoo kwa Tajeu, mwaka wa tisini na sita, walivutana bei tangu asubuhi hadi jua la utosi, na kila mmoja akaondoka akiamini kamla mwenzake. Hapo wakazoeana. Muthoni alikuwa na bucha Kitengela. Tajeu alikaa nje ya mji, upande wa Kajiado, na kwa kondoo wenye mikia minono hakuwa na mpinzani. Mikia mingine aliila mwenyewe.

Mwaka wa 2003 kifua kikambana Tajeu palepale mlangoni pa bucha. Daktari akapima damu, akasema kolesteroli imepita kiasi. Ameze tembe moja kila jioni bila kuruka, aache mafuta ya kondoo, atembee kila siku. Miezi mitatu baadaye akapimwa tena. Haikuwa imeshuka hata kidogo.

Muthoni akaenda kwake kuuliza. Naserian, bintiye Tajeu, ndiye aliyetoboa siri: tembe za mwezi zilikuwa zinaisha siku ya nane. Mzee akikaa na watu wa rika lake, yeyote aliyelalamikia kifua alipewa yake, kama vile wanavyogawana nyama na ugoro.

Hasira zikampanda Muthoni.

“Baba Naserian, unataka kufa?”

“Mtu wa rika langu akiniomba, nitamnyima na mdomo gani?”

“Na huo huo unaoninyima bei nzuri kila wiki. Mkebe wa tembe utakaa kwa droo yangu. Kila jioni utakuja kwa miguu, umeze nikiona. Ukikataa, kondoo zako peleka kwingine.”

Tajeu akaomba walau mkia kila Jumapili. Akanyimwa. Wakaafikiana kipande cha ukubwa wa kidole, Krismasi tu.

Mwezi mzima alikuwa anameza na kuondoka bila salamu. Wenzake nao wakaja buchani kudai tembe. Muthoni akawaambia kila mtu akapimwe damu yake. Wakaudhika, wakahamishia kondoo wao kwa Kimanzi, mwenye bucha ng'ambo ya barabara, na Tajeu hawakumwita tena kwenye nyama.

Mwaka wa 2005 daktari akasema imeshuka vizuri, lakini asiache tembe. Tajeu alikuwa amepata pumzi na kupoteza rika. Muthoni alikuwa amepoteza wauzaji wa boma sita, akabaki na mzee mmoja mzima, aliyenuna, ambaye hakumpunguzia bei hata siku moja.